Maswali ya Wasomaji: Nani Anajibu Majina Katika Mtandao Wako?

Ukurasa wa toleo hili tumeutenga kwa barua zinazohusu DNS, yaani mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba ambayo kompyuta inaweza kuiendea. Barua tumezifupisha, na majina ya waliotuandikia pamoja na taasisi zao tumeyaacha.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni msimamizi wa TEHAMA katika chama cha akiba na mikopo chenye kompyuta zipatazo ishirini, zote zikiwa nyuma ya ruta tuliyopewa na kampuni ya intaneti. Hivi karibuni mhasibu wetu aliandika anwani ya benki kwa usahihi kabisa, lakini ukurasa uliofunguka haukuwa wa benki. Fundi tuliyemwita amebadilisha DNS kuwa 8.8.8.8, seva ya Google, kwenye kila kompyuta na kutuhakikishia kwamba sasa tuko salama. Je, ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu yetu wa Morogoro, fundi wenu amebadilisha anayeulizwa, lakini hakugusa namna swali linavyosafiri wala namna jibu linavyothibitishwa. Mfumo wa DNS ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, wakati ambapo mtandao ulikuwa wa watu wachache waliofahamiana, na kwa hiyo swali hutumwa wazi kupitia poti 53 (poti ni namba ya mlango wa huduma kwenye kompyuta) bila kusimbwa, yaani bila kufichwa kwa msimbo, na jibu hurudi bila sahihi yoyote ya kuonyesha limetoka kwa nani. Ni sawa na kuuliza njia kwa sauti kubwa katikati ya stendi: kila aliye karibu anasikia unakokwenda, na yeyote mwenye nia mbaya anaweza kuwahi kukujibu kabla ya mwenyeji. Mwaka 2008 mtafiti Dan Kaminsky alionyesha jinsi udhaifu huu ulivyo mkubwa. Namba ya utambulisho inayooanisha swali na jibu ina thamani 65,536 tu zinazowezekana, na mshambuliaji anayeilazimisha seva iulize maswali mengi mfululizo anaweza kuibahatisha na kupandikiza jibu la uongo katika akiba (kumbukumbu ya muda) ya seva hiyo, ambapo litaendelea kugawiwa kwa kila anayeuliza. Watengenezaji wa programu walilipunguza tatizo hilo kwa kubadilisha kila mara poti ambayo swali hutokea. Walilipunguza tu, kwa sababu poti nayo ni namba inayoweza kubahatishwa, ingawa kwa jasho zaidi.

Hata hivyo, kabla ya kumshuku mtu aliye mbali, anzeni na ruta yenu. Mwezi Novemba 2011 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitangaza kulivunja genge lililokuwa limesambaza kirusi kiitwacho DNSChanger kwenye kompyuta takribani milioni 4 katika nchi zipatazo 100. Kirusi hicho kilibadilisha mpangilio wa DNS katika kompyuta, na pale ilipowezekana katika ruta pia, ili maswali yote yapelekwe kwenye seva za wahalifu. Uharibifu ulikuwa mpana kiasi kwamba seva hizo hazikuweza kuzimwa siku ile ile, maana waathirika wote wangekatikiwa intaneti kwa mpigo. Mahakama iliruhusu seva safi ziwekwe mahali pake hadi tarehe 9 Julai 2012. Mbinu ile bado inatumika, na ruta ambayo nywila yake ni ile iliyobandikwa kiwandani ndiyo mawindo rahisi kuliko yote. Basi ingieni kwenye ruta, tazameni ni anwani zipi za DNS inazogawa kupitia DHCP (huduma inayozipa kompyuta mipangilio ya mtandao), badilisheni nywila, sasisheni programu yake, na zimeni uwezo wa kuisimamia kutoka nje. Katika kompyuta ya mhasibu mlifungue faili la hosts (orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta yenyewe) mwone kama kuna mistari ya ajabu, kisha mumwulize kwa upole kama kivinjari kilimwonya kuhusu cheti (kitambulisho cha tovuti) naye akabofya kuendelea, kwa sababu onyo hilo mara nyingi ndilo kinga ya mwisho inayobaki baada ya jibu la DNS kughushiwa.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie usalama wa DNS wenyewe, na hapa nawaomba wasomaji wote watenganishe mambo mawili ambayo matangazo ya biashara huyachanganya. La kwanza ni kuthibitisha jibu, kazi inayofanywa na DNSSEC: mwenye kikoa, yaani jina lililosajiliwa kwenye intaneti, hutia sahihi ya kidijitali kwenye rekodi zake, na mnyororo wa sahihi huanzia kwenye mizizi ya mfumo mzima, yaani ngazi ya juu kabisa ya majina yote, ambayo ilitiwa sahihi Julai 2010. La pili ni kuficha swali lisisomwe njiani, kazi inayofanywa na usimbaji, ama kwa itifaki ya DoT (DNS ndani ya TLS, usimbaji unaolinda tovuti za https) inayotumia poti 853 na iliyosanifiwa mwaka 2016, ama kwa DoH (DNS ndani ya HTTPS) inayopita poti 443 pamoja na kurasa za kawaida za wavuti na iliyosanifiwa mwaka 2018. DNSSEC haifichi chochote. Usimbaji nao hauthibitishi kwamba jibu ni la kweli. Unathibitisha tu kwamba limetoka kwenye seva uliyoiuliza na halikuguswa njiani, hivyo seva hiyo yenyewe ikidanganya, uongo utakufikia ukiwa umefungwa vizuri kabisa. Anwani 8.8.8.8 ya Google, kama ilivyowekwa na fundi wenu, inaulizwa wazi kupitia poti 53. Google huthibitisha sahihi za DNSSEC upande wake, lakini kipande cha njia kutoka Morogoro hadi kwao kimebaki uchi.

Ushauri wangu ni kwamba mtandao wa ndani uwe na seva yake yenyewe ya DNS, ithibitishe sahihi hapo hapo ofisini, isimbe maswali yanayotoka nje, na kompyuta zote zipewe anwani ya seva hiyo peke yake. Nasema peke yake kwa makusudi. Wengi huweka anwani ya seva yao kwanza kisha 8.8.8.8 kama ya akiba, wakidhani ya pili itaulizwa tu pale ya kwanza inapokufa. Mifumo mingi ya kompyuta haifuati mpangilio huo: huuliza yoyote, au zote mbili kwa pamoja, au huhamia ya pili kwa kuchelewa kidogo tu na kubaki huko. Mkitaka akiba, wekeni seva ya pili iliyopangwa sawasawa na ya kwanza.

SWALI: Mpendwa Mhariri, nafundisha somo la kompyuta katika shule ya sekondari na nimepewa jukumu la mtandao wa shule. Nina kompyuta moja ya zamani ambayo nimeiwekea Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux), na nimesikia habari za programu ya Unbound. Naomba mfano wa mpangilio ambao naweza kuuanza nao, na namna ya kuhakikisha kwamba kweli unafanya kazi. (Mwalimu, Nakuru)

JIBU: Mwalimu, umechagua vizuri. Unbound, programu ya seva ya DNS, inatengenezwa na NLnet Labs ya Uholanzi, ni huru na ya bure, na kompyuta kuukuu inatosha kuhudumia shule nzima. Tuchukulie kwamba mtandao wako ni 192.168.10.0/24 na seva umeipa anwani ya kudumu 192.168.10.2. Faili la mpangilio linaweza kuwa hivi:

server:
    interface: 127.0.0.1
    interface: 192.168.10.2
    access-control: 127.0.0.0/8 allow
    access-control: 192.168.10.0/24 allow
    tls-cert-bundle: "/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt"
    private-address: 10.0.0.0/8
    private-address: 172.16.0.0/12
    private-address: 192.168.0.0/16
    local-zone: "shule.internal." static
    local-data: "printa.shule.internal. IN A 192.168.10.20"
forward-zone:
    name: "."
    forward-tls-upstream: yes
    forward-addr: 9.9.9.9@853#dns.quad9.net
    forward-addr: 149.112.112.112@853#dns.quad9.net

Mistari miwili ya mwisho, yenye anwani za Quad9 (huduma ya DNS ya umma), ndiyo inayowaponza watu wengi. Alama ya reli (#) na jina linaloifuata huiambia Unbound jina ambalo lazima lionekane kwenye cheti cha seva ya mbali. Ukiliacha jina hilo, maswali yataendelea kusimbwa na majibu yatarudi kama kawaida, lakini Unbound haitakagua cheti, na mtu aliyejipenyeza katikati anaweza kujifanya Quad9 bila wewe kuona dalili yoyote. Mbaya zaidi, ukiacha nafasi moja kabla ya alama ya reli, Unbound huchukulia yote yanayofuata kuwa maelezo ya kando na kuyapuuza. Faili litapita ukaguzi wa unbound-checkconf, huduma itawaka, na kinga uliyodhani unayo haipo.

Mistari ya private-address huzuia hila ambapo tovuti ya nje hujibu kwa anwani ya ndani, kwa mfano 192.168.10.1, ili kivinjari cha mwanafunzi kitumike kugonga mlango wa ruta yenu kutoka ndani. Anwani ulizoziandika mwenyewe kwenye local-data haziathiriki. Ufunguo wa mizizi kwa ajili ya DNSSEC sikuuandika kwa sababu kifurushi cha Debian kimeshauweka kwenye faili lake chini ya /etc/unbound/unbound.conf.d, na ukiurudia Unbound italalamika kwamba umeletwa mara mbili. Usinakili ufunguo huo kwa mkono kutoka kwenye mafunzo ya zamani. Ulishabadilishwa mara moja, tarehe 11 Oktoba 2018. Mwingine umetangazwa kwenye mizizi tangu Januari 2025 na umepangwa kuanza kazi Oktoba 2026. Unbound hufuatilia mabadiliko hayo yenyewe mradi iwe inawashwa mara kwa mara na iruhusiwe kuliandikia faili la ufunguo.

Kuhusu jina la ndani, nimetumia internal kwa sababu ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliamua mwaka 2024 kwamba neno hilo halitauzwa kamwe kama kikoa cha umma. Kwa matumizi ya nyumbani lipo pia home.arpa, lililotengwa mwaka 2018. Epuka local, maana simu, printa na kompyuta za Apple hulitumia kwa utaratibu mwingine wa kutafutana bila seva, na utapoteza siku nzima ukitafuta kwa nini printa inaonekana kwa huyu na kupotea kwa yule. Kama shule tayari ina kikoa chake cha umma, tawi la kikoa hicho ni bora kuliko yote haya, kwa kuwa utaweza kupata vyeti halali kwa ajili ya seva za ndani.

Sasa majaribio. Ukiwa kwenye kompyuta nyingine ya shule, uliza kwa amri hii: dig @192.168.10.2 dnssec-failed.org. Kikoa hicho kiliwekewa sahihi mbovu kwa makusudi ya majaribio, kwa hiyo jibu unalopaswa kupata ni SERVFAIL (seva imeshindwa kujibu). Ukipata anwani, ujue hakuna anayethibitisha chochote. Kisha uliza kikoa chenye sahihi nzima, kwa mfano nlnetlabs.nl, na utafute herufi ad, ishara kwamba jibu limethibitishwa, kwenye mstari wa flags. Mwisho, kwenye seva yenyewe, washa tcpdump -n port 53 (amri inayoonyesha pakiti zinazopita) huku watu wakiendelea na kazi. Unapaswa kuona maswali yanayoingia kutoka 192.168.10 na majibu yanayorudi huko, lakini isipite hata pakiti moja kwenda nje. Ikipita, kuna mstari ulioukosea, na ni heri uugundue leo.

Umeuliza pia, katika sehemu ya barua tuliyoifupisha, kama ni bora kuiacha Unbound iende kwenye mizizi yenyewe badala ya kumtuma Quad9. Wataalamu wanagawanyika hapa, na mimi sina jibu moja kwa wote. Ukienda mwenyewe, hakuna kampuni moja inayokusanya maswali yako yote, lakini sehemu kubwa ya safari hiyo haijasimbwa na kampuni yako ya intaneti inaweza kuisoma au kuigeuza. Ukimtuma Quad9, kampuni ya intaneti inaona tu kwamba unazungumza na Quad9, ambaye sasa ndiye anayeona yote. Uaminifu hauondoki, unahamishwa tu. Quad9 ni taasisi isiyo ya kibiashara iliyohamishia makao yake Uswisi mwaka 2021, na anwani 9.9.9.9 pia hukataa vikoa vinavyojulikana kueneza virusi. Kwa shule ningeichagua. Usimwahidi mkuu wa shule, hata hivyo, kwamba kampuni ya intaneti haitajua wanafunzi wanatembelea wapi. Anwani ya IP ya tovuti bado inaonekana, na mara nyingi jina lake nalo hutajwa wazi wakati muunganisho unapoanza.

SWALI: Bwana Mhariri, zahanati yetu ilifungiwa seva ya DNS kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), na tulifurahi sana. Lakini kila umeme unapokatika kwa muda mrefu, ukirudi hakuna tovuti inayofunguka mpaka tumpigie aliyetufungia. Tatizo ni nini? (Muuguzi msimamizi, Bukoba)

JIBU: Dada yetu, tatizo ni saa. Sahihi za DNSSEC na vyeti vya TLS vyote vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na seva hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Matoleo ya Raspberry Pi yaliyotangulia la 5 hayana saa inayoendelea kutembea umeme ukizimwa, na la 5 linayo lakini betri yake hununuliwa kando. Mfumo hujaribu kufidia kwa kuhifadhi kwenye kadi muda wa mwisho unaoujua na kuanza nao unapowaka tena. Umeme ukikatika saa mbili, fidia hiyo kwa kawaida inatosha. Ukikatika tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu, seva inaamka ikiamini bado ni Ijumaa, na sahihi zilizotiwa Jumapili inaziona kama za siku ambayo bado haijafika, hivyo inazikataa. Kama kadi nayo iliharibika kidogo na saa ikarudi nyuma miaka, hata vyeti vya Quad9 havitakubalika, na hapo hakuna jina lolote litakalojibiwa.

Dawa ya kawaida ni kurekebisha saa kupitia mtandao kwa NTP. Lakini tazama mtego ulipo: seva ya muda hutajwa kwa jina, jina linahitaji DNS, na DNS inakataa kujibu mpaka saa iwe sahihi. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Ndiyo maana aliyewafungia akija huandika tarehe kwa mkono na kila kitu kinafufuka.

Kuna njia kadhaa za kuukata mzunguko huo, na unaweza kutumia zaidi ya moja. Mwombe fundi afunge kifaa kidogo cha saa aina ya DS3231 chenye betri ya kidonge. Ni cha bei nafuu na kinakaa juu ya pini za Pi. Au aweke kwenye mpangilio wa muda anwani ya namba badala ya jina, hasa anwani ya ruta yenu kama ruta hiyo inaweza kugawa muda. Kuzima ukaguzi wa DNSSEC kwa ajili ya majina ya seva za muda pekee, jambo ambalo wengine hulipendekeza, kunasaidia nusu tu pale maswali yanapopita kwenye DoT, kwa sababu cheti bado kitakataliwa saa ikiwa imerudi nyuma sana. Kwa maoni yangu, zahanati iliyo mahali penye umeme wa kukatika ingefaidika zaidi na kompyuta mpakato kuukuu kuliko Pi: ina betri yake, ina saa yake, na haina kadi ya kuharibika kila umeme unaporuka.

Mwambie pia aongeze mstari serve-expired: yes. Intaneti ikipotea kwa muda mfupi au seva ya mbali isipojibu, Unbound itaweza kutoa majibu ya zamani yaliyo kwenye akiba badala ya kukaa kimya. Majina ya ndani, kama la kompyuta inayohifadhi kumbukumbu za wagonjwa, yataendelea kujibiwa hata kama intaneti imekatika kutwa nzima, na hiyo kwa zahanati ni faida kubwa kuliko hata usiri.

SWALI: Kaka Mhariri, mimi ni fundi wa mitandao katika hoteli. Nimeweka seva yangu na DHCP inaigawa, lakini naona simu na runinga nyingi haziiulizi kabisa. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kaka, DHCP hupendekeza tu, hailazimishi. Runinga na kamera nyingi zimeandikiwa kiwandani anwani za DNS zisizobadilika, na hizo unazishughulikia kwenye fayawoli kwa kuelekeza kila pakiti ya poti 53 inayotoka kwa wateja irudi kwenye seva yako. Poti 853 kwenda nje iruhusu kwa seva yako peke yake. Lakini kabla ya hayo yote kagua IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti), kwa maana huo ndio mlango unaosahauliwa. Ruta ya kampuni ya intaneti inaweza kuwa inatangaza seva za DNS za kampuni hiyo kupitia matangazo ya IPv6, nje kabisa ya DHCP unayoisimamia, na simu zikazifuata hizo. Ama utangaze anwani ya IPv6 ya seva yako, ama uzime matangazo hayo.

Vivinjari vinavyotumia DoH ni vigumu zaidi, kwa kuwa maswali yao yanafanana na kurasa za kawaida. Firefox huuliza kwanza kikoa use-application-dns.net, seva yako ikijibu kwamba hakipo, kivinjari huacha DoH iliyowashwa chenyewe, ingawa hakitaiacha kama mtumiaji aliiwasha kwa hiari yake. Katika Unbound ni mstari mmoja: local-zone: "use-application-dns.net." always_nxdomain. Simu za Apple zenye Private Relay (huduma ya Apple ya kuficha mawasiliano) huheshimu jibu kama hilo kwa majina mask.icloud.com na mask-h2.icloud.com.

Kwa upande wa Android, kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018, kuna mpangilio uitwao Private DNS. Mpangilio huo ukiwa kwenye hali ya kiotomatiki, simu hujaribu kuzungumza DoT na seva uliyoigawa na ikishindwa hurudi poti 53. Lakini mgeni aliyeandika jina la seva anayoitaka, nawe umefunga 853, simu yake itasema hakuna intaneti kabisa, na malalamiko yatafika mapokezi kabla hujamaliza chai. Kwa sababu hiyo nakushauri utenganishe: mtandao wa wafanyakazi, mashine za malipo na kamera uwe kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao) yenye masharti makali, na wageni wawe kwenye VLAN nyingine ambako unawapa seva yako lakini huwalazimishi. Mgeni anayesimba maswali yake mwenyewe hajakudhuru.

Na tafadhali hakikisha seva yako haijibu mtu yeyote kutoka nje ya hoteli. Mwezi Machi 2013 shirika la Spamhaus lilishambuliwa kwa mafuriko ya data yaliyotajwa kufikia gigabiti 300 kwa sekunde, na silaha iliyotumika ilikuwa seva za DNS za watu wengine zilizoachwa wazi, zikijibu maswali madogo ya uongo, yaliyojifanya yametoka kwa mlengwa, kwa majibu makubwa.

SWALI: Mhariri, assalaam alaikum. Ninaishi Maskati na nasimamia nyumba ya wageni ya familia iliyoko Unguja. Ningependa kufungua kamera na kompyuta ya mapokezi kwa majina yake ya ndani nikiwa huku. Je, nifungue poti 53 kwenye ruta ya Unguja? (Msomaji, Oman)

JIBU: Wa alaikumu salaam. Hapana, usifungue, kwa sababu niliyomweleza msomaji wa Mombasa. Funga WireGuard (programu ya VPN, yaani handaki la siri la mtandao) kwenye seva ile ile yenye Unbound, upe mtandao huo wa siri anwani zake, kwa mfano 10.8.0.0/24, uongeze interface na access-control za anwani hizo kwenye Unbound, kisha kwenye simu yako uandike DNS = 10.8.0.1 ndani ya mpangilio wa WireGuard. Swali lako litasafiri ndani ya handaki lililosimbwa hadi Unguja, na majina ya ndani yatajibika kana kwamba umekaa mapokezi. Kwenye ruta ya Unguja utafungua poti moja tu ya UDP kwa ajili ya WireGuard, ambayo haimjibu mtu asiye na ufunguo. Kabla hujaanza, hakikisha kampuni ya intaneti ya Unguja inakupa anwani halisi ya umma. Wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja wanayochangia, na hapo utalazimika kukodi seva ndogo mahali pengine iwe kiungo. Tazama pia masharti ya matumizi ya VPN yanayokuhusu huko uliko.

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisini kwetu wameweka seva ya DNS na tumesikia kwamba mkuu wa TEHAMA anaweza kuona kila tovuti tunayoitembelea. Je, ni kweli, na ana haki hiyo? (Mfanyakazi, Arusha)

JIBU: Kiufundi ni kweli kwa kiasi. Seva ikiwekewa log-queries: yes, itaandika saa, anwani ya kompyuta yako na jina ulilouliza, kwa mfano la hospitali au la benki, ingawa haitaona ukurasa uliousoma wala ulichokiandika humo. Unbound haiandiki kumbukumbu hizo mpaka iamriwe. Programu nyingine za seva ya DNS kama Pi-hole, kinyume chake, kwa kawaida huziandika na kuzionyesha kwenye ukurasa wake tangu siku ya kwanza.

Kwa upande wa sheria, orodha ya majina yaliyoulizwa na mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kama Kenya ilivyo na sheria yake ya mwaka 2019. Misingi ya sheria za aina hii ni kwamba anayekusanya awe na sababu halali na iliyo wazi, anayehusika ajulishwe, kinachokusanywa kisizidi kinachohitajika, na kisihifadhiwe kupita muda wa haja yake. Mwajiri anaweza kuwa na sababu nzuri, kama kutafuta kompyuta iliyoambukizwa, na kwa kazi hiyo kumbukumbu za siku chache hutosha. Andikeni barua kwa uongozi mkiuliza mambo matatu: kumbukumbu zinahifadhiwa kwa muda gani, nani anazifungua, na sera iliyoandikwa iko wapi. Msipopata jibu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko.